Mashine Imesema Hakuna Mama

Chumba cha mbele, mezani kwa cherehani,
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa Mziwanda wetu,

Salamu nyingi, tena za moto moto. U mzima? Kile kikohozi cha vumbi la mgodini kimekuachia, au bado unakohoa na kusema ni mafua tu? Kula unakula? Sisi wazima, isipokuwa macho ya Baba na kichwa changu mimi. Naandika kwa mkono kwa sababu huko simu haishiki, na dereva wa lori la vipuri amekubali kukufikishia.

Nianze na Baba. Daktari wa macho amesema jicho la kulia limeshakwenda, na la kushoto limebakiza wiki chache. Baba hakulalamika. Anataka kitu kimoja tu: ile picha ya Mama akicheka ikuzwe iwe kama mlango, amtazame kabla giza halijaingia. Unajua Mama akiona kamera alikuwa anafumba mdomo, analionea aibu pengo lake. Alinaswa mara moja tu, siku ile ulipomvizia na simu yako, dole gumba lako likaingia pembeni.

Nikaipeleka kwa mpiga chapa, yule tunayemwita Bango. Akachomeka flashi, akatazama, akasonya. Eti picha ina herufi HEIC mwishoni mwa jina, mashine yake haizijui, inataka JPEG. "Dada, kaigeuze kwanza ndipo uilete." Basi, hakusema zaidi.

Sasa mdogo wangu, mimi fundi cherehani. Ukiniambia geuza, najua kugeuza: kola ikichakaa unaifumua, upande wa chini unakuja juu. Nikawasha kompyuta uliyoniachia, nikaifungua picha, nikaona kitufe kimeandikwa Geuza. Nikabonyeza. Mama aliyekuwa akitazama dirishani akatazama mlangoni. Nikahifadhi, nikamrudia Bango kifua mbele. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kugeuza kwake ni kubadilisha aina ya faili, sura inabaki ileile! Si angesema hivyo tangu mwanzo?

Ndipo nikakumbuka karatasi uliyobandika ukutani kabla hujaondoka. Umeandika nifungue dirisha jeusi la kompyuta, lile la kuandikia amri, niandike amri, kisha jina la picha, kisha jina jipya. Jamani, dirisha lenyewe halina kitufe wala pambo, kuna kistari kinapepesa tu, kama mtu anayengoja ukosee. Na mimi kumwamrisha nisiyemjua siwezi, ulimi unakuwa mzito. Nikaanza na "tafadhali". Likajibu kwamba amri "tafadhali" haijulikani. Ala! Kitu gani hicho kisicholelewa?

Nikaweka adabu kando. Nikaandika amri yako herufi kwa herufi, halafu jina la picha kama ulivyoiita mwenyewe: Mama akicheka. Kiingereza changu cha shule kikanitosha kusoma jibu. Mstari wa kwanza: hakuna "Mama". Mstari wa pili: hakuna "akicheka".

Mziwanda, jibu hilo liliniuma. Najua ni mashine. Lakini huu mwaka wa pili tangu tumzike, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo waziwazi. Nikarudia mara sita, ikanijibu yaleyale mara sita. Nikalia, mkasi mkononi, hata sijui nilikuwa nimeuchukulia nini.

Baba alikuwa kitini nyuma yangu. Akauliza imesemaje, nikamsomea. Akasema, "Mbona inatafuta vitu viwili? Wewe umeacha nafasi katikati. Vishone pamoja."

Mimi fundi, nimefundishwa kushona na mtu asiyeona uzi! Nikabadili jina la picha, likawa mamaakicheka, bila upenyo, nikaandika amri upya. Safari hii dirisha halikusema kitu kabisa. Si ndiyo, si hapana. Nikadhani limenuna, nikaandika tena na tena, mpaka nilipofungua folda nikaikuta JPEG imekaa humo, imetulia. Kumbe likiudhika linasema, likiridhika linanyamaza. Nikamkumbuka Mama mwenyewe.

Nikampelekea Bango, jana kaileta imekuzwa kama mlango, tukaigongomea ukutani mkabala na kitanda cha Baba. Baba akaisogelea mpaka pua ikagusa karatasi. Nikasimama mlangoni, nikiogopa atasema haoni kitu. Mwisho akaniita kwa ukali kama zamani tukivunja vikombe.

"Pengo la mama yenu lilikuwa kushoto. Nani kalihamishia kulia?"

Amemwona! Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliibonyeza ile Geuza. Nilicheka, nikalia, nikashindwa kujua ninafanya lipi, na yeye ananigombeza tu nimrudishie mkewe pengo lake mahali pake.

Sasa nijibu upesi, maana wiki zenyewe ndizo hizo. Nikibonyeza Geuza mara ya pili, pengo litarudi au nitavuruga zaidi? Nianze na ile HEIC, au hii JPEG inatosha? Na amri niiandike tena, au dirisha litaona namdharau? Mimi sielewi hata moja.

Shangazi anakusalimu, shemeji yako pia, na wanangu wadogo wanauliza utawaletea jiwe gani. Mungu akutoe salama kila unaposhuka shimoni.

Baba anakusalimu kuliko wote. Bango alitaka kulikata lile dole gumba lako pembeni, maana limetoka kubwa kuliko kichwa cha Mama. Baba akamkatalia. Alisema, "Liache. Huyo ndiye aliyemchekesha."

Nikupendaye hata nikikugombeza,
Dada yako wa cherehani