Taka za Mtaa wa Mjomba

2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila nanuka. Kazi yangu mpya halmashauri ni kufungua mifuko ya taka, za majumbani na za madukani, kupima na kuandika kila kifungashio kimetoka kiwanda gani. Sheria inamtaka mwenye kiwanda agharamie kukusanya vifungashio vyake, lakini lazima kwanza tuthibitishe ni vyake. Zile pakiti za sabuni zinazoziba mtaro hadi maji yanaingia kwako, mwenyewe anazikana. Wiki ijayo tunapima mtaa wenu.

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti bovu, mdomo mzima. Umeona mtaa ulivyong'aa? Nilipita mlango kwa mlango: "Mtoto wa dada yangu anakuja kufungua mifuko yenu, msiniaibishe!" Wakazichoma pakiti zote, hata mwenye duka. Nilijisikia raha!

Mjomba wako

13 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nilicheka, kisha nikalia. Mwenye kiwanda anatembeza takwimu za mtaa wenu ofisi hadi ofisi: "Mnaona? Si zangu." Bosi amekubali tupime upya, mara moja tu. Nakuomba, watu watupe kama wanavyotupa siku zote. Mvua zikikukuta hivi, cherehani zako ndiyo basi.

Mpwa wako

29 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Nimerudi kila mlango kuwaomba watu wawe wachafu. Jirani wa kona anasema nimerukwa na akili.

Halafu nikaja kuwatazama mkipima. Hukuniona, nilijibanza nyuma ya lori. Umeinama juu ya uchafu wetu bila kukunja uso, unatenga pakiti moja moja, na rundo la pakiti za yule mtu wa kiwanda aliyekuja kubisha likamfika kiunoni. Hukumcheka hata kidogo. Ulimpa kalamu asaini kuwa ni zake. Nikasema moyoni, huyu mtoto katushinda sote.

Mjomba wako

21 Aprili

Mwanangu,

Hujambo huko? Huku wazima. Lori la kiwanda linapita sasa, jina lao ubavuni, linabeba pakiti zao. Sina shukrani nyingine zaidi ya habari hii: leo mvua imenyesha mchana kutwa, na mimi nimeshona mchana kutwa.

Mjomba wako