Sarafu ya Denver Mfukoni mwa Baba

S.L.P. 46,
Holub, Nebraska.
22 Machi 1998

Mpendwa kaka Milo,

Salamu tele kutoka kwetu sote hapa shambani. Hujambo huko Alaska? Kile kikohozi kilichokushika Krismasi kimekuachia, au bado unakidharau kama kawaida yako? Na wifi yangu Ruthie, goti lake linaendeleaje? Mwambie asipande ngazi.

Sisi tu wazima. Theluji imeisha, tope ndilo limebaki. Ng'ombe wamezaa vizuri, na Duane wangu anatembea zizini kama waziri anayekagua gwaride.

Baba naye ni mzima wa mwili, anakula, anabishana. Ila macho sitakuficha: daktari wa Lincoln amesema kufikia Krismasi ijayo hataweza kusoma chochote. Yeye alimjibu kwamba magazeti ya siku hizi hayana cha kusomwa.

Sasa nije kwenye lile unalolingoja. Kifurushi chako kilifika salama. Nilipoifungua ile senti kumi na kumwona yule mwanamke mwenye kofia ya mabawa, mwaka 1916, na nyuma yake ile herufi D ya kiwanda cha sarafu cha Denver, niliketi chini. Kaka, tangu tukiwa watoto nimelitazama lile tundu moja lililo wazi katika jalada la bluu ambamo Baba hupanga sarafu zake, kila mwaka na tundu lake, na sikuwahi kuishika sarafu yake mkononi. Usiniambie ilikugharimu kiasi gani.

Nilifanya kama ulivyoniagiza. Unamjua Baba: senti kumi zake zote amezipata kwenye chenji au kwenye vile vifurushi vya sarafu vinavyofungwa kwa karatasi benki, na ya kununuliwa au ya kupewa haigusi jalada lake. Basi nikafungua kifurushi kimoja cha benki, nikatoa sarafu moja, nikaingiza yako katikati, nikakunja karatasi upya kwa mgongo wa kijiko. Duane akanicheka, "Mke wangu, wewe ukiiba benki tutakamatwa kabla ya chakula cha mchana!"

Jumapili baada ya ibada, tulipokwisha kula kolache, ile mikate yetu midogo ya plamu, Baba alikaa mezani na vifurushi vyake. Kwa kuwa haoni vizuri, siku hizi anasikiliza. Anaangusha kila sarafu juu ya meza. Hizi mpya zinagonga ko, zile za zamani za madini ya fedha zinaimba. Yako iliimba. Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikaganda na sahani mkononi.

Akaniita. "Nisomee mwaka."

"Elfu moja mia tisa kumi na sita, Baba."

"Geuza. Kuna herufi?"

"Kuna D."

Nilidhani atalia. Badala yake aliichukua, akaipeleka puani, akainusa taratibu.

"Inanuka plastiki ya dukani," alisema. "Hela iliyozunguka inanuka watu. Milo hajambo?"

Nikajifanya sielewi, naye akasema, "Wacha wee! Wewe binti huna ujanja wa kunidanganya peke yako. Hii ni kazi ya kaka yako." Akacheka mpaka akavua miwani kujifuta.

Nilimsihi aiweke kwenye tundu. Niliona uchungu, kaka, nikamwambia wazi, "Baba, mwaka ukiisha hutaliona hata hilo tundu lenyewe!" Akanijibu, "Kwani nilikuwa naitafuta kwa macho?" Kisha akaitia katika mfuko wa shati, pamoja na kisu chake na peremende. Sarafu ya 1916 ya Denver, pamoja na kisu! Nilimkasirikia siku nzima, nikakuonea huruma wewe.

Lakini Jumanne nilimpeleka kwenye mkutano wa chama cha wakusanya sarafu, na kwa kuwa Duane hana breki mdomoni, wote walikuwa wameshasikia. Harlan Voss, yule mwenye duka la mbegu aliyezinunua zake zote mpaka ya mwisho, hakumpa hata nafasi ya kuketi. "Emil! Miaka yote hiyo unawinda, mwisho posta imekuonea huruma! Karibu kwetu wanunuzi!" Watu wakaangua kicheko.

Baba alisimama bila fimbo. "Tundu langu bado liko wazi, Harlan, njoo uchungulie. Hii siyo ya tundu." Akaitoa mfukoni, akainyanyua juu. "Hii kaniletea mwanangu. Wewe unazo zote, bwana. Ipi umeletewa?"

Kisha Baba akaanza kuipitisha mkono kwa mkono, nao wanajua sarafu ya namna ile haishikwi uso, ni ukingo tu. Harlan akatoa glavu zake za pamba. "Vua hizo," Baba akamwambia, kwa upole sasa, "ishike vizuri." Harlan akazivua. Akaitazama kwa muda, akasema ni nzuri kuliko yake. Milo, nilikaa kwenye kile kiti cha chuma huku kifua kimenijaa fahari, kwa ajili yake na kwa ajili yako, na laiti ungelikuwepo.

Tangu siku hiyo anaisugua kwa kidole gumba akisikiliza redio, na bawa la kofia limeanza kung'aa. Kama ulitarajia watoto wako waje kuirithi ikiwa na bei ile ile, sahau. Na jana kanituma benki tena, vifurushi vingine.

Shangazi Bozena anakusalimu sana, Duane pia, na majirani wote wanaokukumbuka. Wabusu Ruthie na watoto.

Nilipomuuliza Baba nikuandikie nini kutoka kwake, aliipapasa kwanza ile sarafu mfukoni. Halafu akasema, "Mwambie nimeipokea. Na mara nyingine asiipe posta kazi yake. Aje mwenyewe, ningali namtambua usoni."

Mungu akutunze, kaka, na akufungulie njia ya nyumbani kabla ya Krismasi.

Ni mimi dada yako akupendaye daima,
Lorraine