Gari la Nane

Bluff Creek, Oklahoma
Jumatatu, 16 Septemba

Kwa Kaka Wendell,

Salamu zangu zikufuate huko kwenye visima vya mafuta Dakota, zikukute mzima na vidole vyote kumi. Mimi ni mzima kupita kiasi, na kwa sura nimeshakupita, watu wanasema wenyewe. Mama hajambo, ila goti lake bado linamuuma kila akiniona nimekaa. Anauliza unakula nini huko, na mbona simu hupokei. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyeacha shule kabla mwandiko haujakomaa, kwa hiyo usicheke. Gari lako limetulia chini ya turubai, kama ulivyoliacha.

Sasa habari za uwanja wa mbio. Najua hutaki kuzisikia, lakini barua ni yangu. Watu wamekwisha, kaka. Zamani ukichelewa Jumamosi ulikuwa unaegesha kule kwenye soya za jirani. Siku hizi unachagua kivuli. Kina Hutchins wameuza gari wakanunua mashua. Yule dada wa lori jekundu anasema hawezi kuungua jua tangu asubuhi ili akimbie sekunde kumi na mbili, kisha atolewe na mtu mwenye kisanduku cha umeme kinachomwondolea gari kwenye taa za kuanzia huku mwenyewe anapiga miayo. Wengine hata sababu hawatoi. Wanakaa nyumbani wanalalamika kwenye simu zao.

Vijana wenzangu ndiyo kabisa. Niliwabembeleza watatu, wakaniuliza inakuwaje mtu ashindwe kwa kuwahi. Hata Mama hilo halijamwingia. Nimemweleza mara mia: unaandika kiooni muda ambao gari lako litatumia, mwenye gari la polepole anatangulizwa, mnafukuzana, lakini ukitumia muda mfupi kuliko ulioandika, umeshindwa, hata kama umefika wa kwanza. Mama akasema hapo ndipo mahali pekee Oklahoma ambapo mtu anaadhibiwa kwa kuharakisha, na kwamba mimi sina cha kuogopa, maana sijawahi kuharakisha lolote.

Basi mwezi uliopita Mzee Pickard akabandika tangazo langoni pa uwanja wake. Kundi letu la magari yasiyo na visanduku lisipofikisha magari manane Jumamosi ya tarehe 14, mwakani halipo. Mzee Delmar alilisoma amevua kofia, kama yuko msibani. Unamjua Delmar, miaka arobaini na moja kwenye lami ile, na mpaka leo namba ya kiooni anaiandika kwa kuigiza mwandiko wa marehemu mkewe. Aliniambia kundi likifutwa atauza gari, kwa sababu hana kwingine pa kulipeleka wala watu wengine wa kugombana nao. Tukahesabu waliobaki, saba. Tukahesabu upya tukianzia upande wa pili, saba.

Akakutaja wewe. Nikamkumbusha ulivyoapa mwaka juzi, siku ulipongojeshwa tangu asubuhi wakipisha maonyesho ya lori linalotema moto, mvua ikanyesha, ukarudi nyumbani umekimbia mara moja tu. Ulimwambia Pickard mbele ya watu kwamba matairi yako hayatakanyaga tena lami yake. Delmar akarudisha kofia kichwani. Kesho yake akashusha matairi yake ya zamani manne mlangoni kwetu, akamsalimia Mama, akaondoka.

Sasa kaka, kama umesimama, kaa. Pale juu niliposema gari limetulia, nilisema kweli ya leo. Jumamosi halikutulia. Turubai nililifunua mimi, Mama akiwa ameshika upande wa pili, kwa hiyo ukitaka kupiga mtu anza na yeye. Nilifunga matairi ya Delmar ili kiapo chako kisivunjike. Ile 11.42 uliyoiandika kiooni kwa rangi nyeupe ya viatu ilikuwa bado ipo, na mkono wangu ulikataa kuifuta.

Pickard alipita akihesabu kwa kidole. Alipofika kwangu kidole kikakaa hewani. Akatazama gari, akatazama matairi, akanitazama mimi, kisha akasema, “Nane,” kwa sauti ndogo, akaendelea kutembea. Kule kwenye kipaza sauti Bi Loretta aliliona gari tu. Akatangaza Wendell Ledbetter amerudi. Watu wakasimama kwenye ngazi za watazamaji, kaka, wale wachache waliokuwepo, wakapiga makofi. Nami, mdomo wangu huu unaoujua, sikumsahihisha.

Nikapangwa na Delmar. Taa nilianza nayo vizuri kuliko wewe siku yoyote, nikamwacha, nikafika wa kwanza. Ubao ukaandika 11.38. Nimeshindwa kwa kuwahi. Nilishangaa, maana gari lako halijawahi kukosea namba hiyo. Delmar akaja akaegemea dirisha, akanipima kwa macho tangu mabega mpaka mbavu.

“Namba ya Wendell inataka mwili wa Wendell,” akasema. “Wewe bwana mdogo ni unyoya.”

Kundi limepona, litakuwepo mwakani, na Delmar hauzi. Lakini katika kitabu cha uwanja gari la nane lina jina lako. Tangu juzi kila niendako wanauliza utakimbia lini tena, nami nimekuwa nikijibu kwamba una mafua. Mafua hayafiki mwezi wa tatu, mbio zikianza tena. Naweza kufuta namba yako niandike yangu, kuendesha nakuzidi kwa mbali, ila sijaifuta.

Mama anakusalimu na kusema ule, unenepe. Delmar anakusalimu bila kusema lolote, kama kawaida yake. Nami nakutakia afya, na likizo.

Ni mimi mdogo wako, unyoya,
Tobin

Matairi yako nimeyarudisha kwenye gari. Hayajakanyaga kitu.