Isale Alilolipokea Mama

Arusha, 3 Mei 1949

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila vumbi la mjini limenipa kikohozi. Mguu wako unaendeleaje? Ng'ombe amezaa?

Kesi ya dada Evaresta itasikilizwa na Jaji mwezi wa saba. Bwana Suresh, wakili ninayemfanyia ukarani, amenieleza bila kunificha. Kumwingilia mwanamke kwa nguvu ni kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Lakini yule Elimringi aliyeshtakiwa amemweka wakili kutoka Moshi, naye atasema dada alikubali. Jaji huwaonya wazee wa baraza kwamba ni hatari kulitegemea neno la mwanamke peke yake. Linatakiwa jambo la pili la kulitia nguvu. Nguo alizifua siku ileile, na pale kwenye ghala la kahawa hakuna aliyesikia kelele.

Je, lipo jambo unalolijua ambalo hukuwaambia polisi?

Mwanao,
Aristides

Tengeru, 17 Mei 1949

Mwanangu Aristides,

Marahaba. Mguu ni uleule. Ng'ombe amezaa dume, basi hata yeye siku hizi hanisikilizi. Kunywa asali kwa hicho kikohozi, usijifanye mtu wa mjini. Evaresta anakula kidogo, na kanisani anakaa benchi la nyuma.

Umeuliza kama lipo jambo. Lipo. Siku ya nne baada ya yale, Elimringi alikuja na baba yake, Mzee Aminieli, kutoka Kikatiti. Nyapara mzima wa shamba la kahawa, aliyezoea kufokea watu, alipiga goti uani kwangu ameshika jani la isale. Akasema, "Mama, nimemkosea binti yako kwa nguvu. Nisamehe."

Nililipokea. Wewe ni Mchaga, unajua jani hilo likishapokelewa, aliyelipokea hana tena cha kudai. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nikajiambia yaliyopita si ndwele, nikataka tu watoke uani. Evaresta alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Jioni nilimwambia. Kesho yake alijifunga kanga akaenda polisi kwa miguu.

Nikilisema jani lile mbele ya Mzungu, nitakuwa nimevunja kiapo changu mwenyewe. Usiniulize tena.

Mama yako,
Tekla

Arusha, 21 Mei 1949

Mama mpendwa,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa ng'ombe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mama, hilo ndilo jambo la pili! Mtu hapigi goti kwa kosa asilolitenda. Umemwacha dada abaki na neno lake peke yake miezi yote hii, na wewe ulikuwa nalo la kumsaidia ndani ya nyumba. Nimekasirika, sikufichi. Nisamehe. Nimechoka pia kusikia makarani wenzangu wakizicheka kesi za namna hii wakati wa chai, bila kujua kwamba mmoja wao ni kaka mtu.

Ukiwaendea polisi wa Tengeru, wataandika maelezo yako. Utakwenda?

Mwanao,
Aristides

Arusha, 19 Juni 1949

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mikaeli wa lori ananiambia barua alikupa mkononi. Kikao ni tarehe 11 Julai. Hata kama ni hapana, niandikie hapana.

Mwanao,
Aristides

Arusha, 14 Julai 1949

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na mguu haukuvimba. Mliondoka kabla ya hukumu, ukasema ng'ombe hakamuliwi na Jaji.

Sikujua kama ulikwenda polisi mpaka nilipokuona kwenye benchi la mashahidi. Ulieleza alivyopiga goti na aliyoyasema. Yule wakili wa Moshi alipokuuliza, "Isale ulilipokea au hukulipokea?" nilifumba macho. Ukasema ulilipokea. Akafurahi: "Basi kwa mila zenu jambo lilikwisha." Nawe ukamwambia, "Kwangu lilikwisha. Lakini aliyeshikwa ghalani si mimi. Evaresta hakuna aliyemletea isale."

Wazee wa baraza waliinamisha vichwa, wote watatu.

Elimringi ameonekana ana hatia. Miaka saba na viboko kumi na viwili. Nilidhani nitafurahi, mama. Nilirudi ofisini nikapiga chapa hati ya shamba la mtu. Mwambie dada nampenda, maana mengine sijui yasemwe vipi.

Mwanao,
Aristides

Tengeru, 30 Julai 1949

Mwanangu,

Marahaba. Mguu umevimba, lakini ni mguu wa mzee, una haki yake. Evaresta nimemfikishia salamu zako. Aliomba nimsomee tena.

Jana Mzee Aminieli alikuja na mkewe, kwa miguu tangu Kikatiti, na isale bichi. Safari hii mimi hawakunitazama. Evaresta alikuwa akimenya ndizi. Yule mama alimnyooshea jani kwa mikono miwili, analia. Moyo uliniuma, ni mzazi kama mimi.

Evaresta alimaliza ndizi aliyoishika, akanawa mikono. Akasema, "Liweke pale juu ya jiwe. Mwanao akitoka, aje aniulize mwenyewe." Wakaliweka, wakaaga.

Mchana jua lilipokuwa kali nikataka kuliokota nilitie ndani, lisikauke. Evaresta akanishika mkono. "Mama," akasema, "hilo si lako."

Basi liko pale. Nikifagia uani, nalizunguka.

Mama yako,
Tekla