Kopo la Kifuniko Chekundu

Jumatatu, 3 Machi
Yule mkunga wa kliniki kanitia kidole jichoni leo! Nimempeleka binti yangu kupimwa, mimba ya miezi minane, na yeye badala ya kupima tumbo anammulika mapaja kwa tochi. Eti michirizi hii myekundu ya nini? Eti ngozi imekuwa nyembamba, mishipa yote nje, anapaka nini? Binti akaniangalia. Nikajibu mimi: sabuni na mafuta ya nazi. Kwani uongo? Nazi imo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekoroga ndoo nzima. Losheni, nazi, tyubu kumi za dawa ya kuwashwa, na ule unga wa yule bwana wa sokoni — vijiko vitatu, siku hizi vinne. Barakoa, glavu mbilimbili, maana unachoma huo! Wateja hawaingii jikoni. Siri ya kazi. Wanamkuta binti sebuleni, mweupe pee, basi hawaulizi tena. Miaka sita yeye ndiye tangazo langu. Kopo lake namwekea kando, lile la kifuniko chekundu. Kali kuliko ya wateja.
Sasa mumewe naye! Mkunga kamvuta pembeni akampa somo, na mkwe kaja kunihutubia jikoni kwangu. Eti ngozi ina matabaka. La juu ni ukuta wa kuzuia vijidudu, weusi ni mwavuli wa jua, chini kuna nyuzi zinazoishika isichanike. Eti zile tyubu zinazila nyuzi. Nikamuuliza: ulipokuja kuposa ulifuata nyuzi? Mjinga mkubwa.

Jumapili, 9 Machi
Binti anataka kuacha. Anasema akikaribia jiko uso unawaka moto. Nikamwambia acha uone, utarudi na mabaka, wateja wanicheke. Kapaka. Kanuna. Anune tu.

Jumatano, 12 Machi
Hospitali, kwenye benchi. Uchungu umemshika binti usiku, kabla ya siku zake; mtoto alikaa vibaya, wakampasua mama yake saa nne asubuhi. Wa kike! Analia kama ana ugomvi na mtu. Nikashukuru Mungu.
Saa sita binti bado yuko ndani. Saa saba daktari katoka, glavu zina damu. Mshono haushiki. Kila akivuta uzi, ngozi inakatika kama karatasi iliyolowa. Amepaka nini huyu? Nitajie vyote.
Siri ya kazi — ilinijia mdomoni hivyohivyo, wallahi. Nikaimeza. Nikataja losheni, nazi, tyubu. Na ule unga. Daktari akadakia: unga gani? Unaitwaje?
Sijui.
Miaka sita! Sikumuuliza yule bwana hata siku moja. Pakiti haina maandishi. Mkwe hakunitukana, bora angenitukana. Katoka mbio kwenda sokoni.
Daktari kaniachia karatasi, niandike kila ninachokumbuka. Nimeandika “unga mweupe”. Nimekata. Ulikuwa na umanjano kidogo? Unanuka nini? Nilikuwa na barakoa, nitajuaje! Basi naandika humu, huku angalau kalamu inakwenda.
Muuguzi kapita na mtoto. Kaniuliza, bibi, unataka kumshika? Nikaitazama mikono yangu. Laini, haina hata kipele.
Nimesema subiri kwanza.
Mkwe hapokei simu. Mlango unafunguka, daktari huyo, ananyoosha mkono apewe karatasi