Tanga juu ya shiraa la mama

Jumatano. Siku ya sita ya mvua, na bado haijachoka. Mimi nimechoka.

Nimechoka na mvua, nimechoka na tanga, nimechoka na ami yangu Bwana Omari, na Mungu anisamehe, leo nilichoka hata na mama yangu mzazi.

Asubuhi ulikuja ujumbe kutoka mtaa wa Langoni: Bi Khadija, dada yake mama, amezidiwa na anamtaka mama. Hawajasemezana miaka miwili, kisa sahani ya pilau ya harusi iliyofika kwa jirani kabla ya kufika kwetu. Nilidhani mama ataruka. Kweli alisimama, akavaa, akajifukiza udi, kisha akaketi tena.

"Shiraa li wapi? Mimi sitoki ndiani wazi wazi."

Shiraa letu ni hema la kutembea nalo: kaniki pana iliyotundikwa juu ya fito mbili, bibi anakwenda katikati na hakuna jicho limwonalo. Zamani wajakazi ndio waliozishika fito. Tangu waachwe huru wamekwenda zao, na ni haki yao, kwa hiyo sasa twazishika mimi na wifi yangu Fatma, kutoka ndani, mikono ikituuma. Wenzetu mtaani wameanza kuvaa buibui. Mama huliita gunia.

Lakini kaniki ikirowa hutoa rangi, tena hugandama mwilini. Hema la stara likikugandama limesitiri nini?

Ndipo ami akaja na tanga. Yeye hushona matanga ya vyombo, na kwake hakuna shida duniani isiyotibika kwa tanga. Akalilaza juu ya shiraa moja kwa moja. Nikamwambia, ami, lisigusane na kaniki, acha nafasi, maji hupenya panapogusana. Akanijibu kwamba alianza kushona kabla sijazaliwa. Tukatoka hatua chache uwanjani, maji yakapenya palepale, na mama akatoka na paji la uso la buluu.

Nikampangusa mama. Nilitaka sana kumwambia ami, si nilisema?

Mara ya pili ami alilitundika juu ya mianzi mirefu, kaka yangu Shee akishika mbele, yeye nyuma, na nafasi ya mkono mzima kati ya tanga na kaniki. Tena kwa kuwa tanga bila foromali kwake si tanga, akafunga foromali, ule mti wa kulitandazia, likakaa kama liko chomboni. Nikiri: lilipendeza. Fatma alimwaga ndoo nzima kutoka ghorofani, na chini halikuanguka tone. Mama akatabasamu. Adhuhuri ilikwisha kupita, na mgonjwa yuko Langoni anangoja.

Hakuna aliyepima kichochoro.

Sote tumezaliwa humu. Twajua kwamba punda akija, mtu hujibana ukutani. Tulipima tanga, tukapima mianzi, tukampima hata mama, na kwenye kona ya pili foromali ikagota kuta zote mbili, ikakwama. Shee anasukuma, ami anavuta huku akitoa amri za baharini katikati ya mtaa. Mbele yetu punda amesimama na mzigo wa mawe, hataki kurudi nyuma. Tanga likalegea, likajaa maji, likatumwagia yote.

Nililia. Si kwa huzuni, kwa hasira.

Kisha nikahisi kando yangu hakuna mtu. Mama alikuwa ameinua pindo la shiraa akajipenyeza kati ya punda na ukuta, leso kichwani, mitawanda, vile viatu vyake vya mti, mkononi, miguu mitupu majini. Mwenye punda akageuza uso ukutani, Mungu ambariki. Nikaiacha fito nikamfuata mbio.

Nilimkuta amesimama njia panda, mvua inamchuruzika.

"Mwanangu, ndia ni ipi?"

Amezaliwa mji huu, ameolewa mji huu, ana wajukuu. Kwa dada yake alikwenda mara ngapi, sijui, na kila mara alitembea ndani ya kaniki akitazama visigino vya mjakazi. Nikamshika mkono. Hasira zote ziliniisha pale.

Bi Khadija alikuwa hai. Alifumbua macho, akamtazama mama.

"Umerowa, nduyangu. Shiraa lako li wapi?"

"Limekwama. Mimi nimekuya."

Hawakutaja pilau. Walishikana mikono wakalia, nami nikatoka nje kukamua nguo.

Naandika haya Langoni, magharibi imekwisha adhiniwa. Ami ametuma salamu: amepata dawa, atakata foromali iwe fupi, na kesho tanga litapita. Nimjibu nini?

Mama hajaliulizia shiraa tangu tufike. Ameniuliza jambo moja tu: ile kona ya pili, ukitoka kwetu, ni kuume au kushoto?