Wageni Waliambiwa Tumefurahi

Mpendwa Dada Aurore, naomba msaada kwa jambo ambalo hata mama halijui: nimedanganya wageni kuhusu shule niliyomaliza mwaka jana hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tena nimedanganya kwa Kiingereza. Wageni hao, wasiojua Kiswahili, walitoka Mbarara kuuliza wanafunzi na walimu, mmoja mmoja, wanaionaje hali ya shule yao, na kwa kuwa walimu wetu ni Warundi waliosoma kwa Kifaransa, mwalimu mkuu aliniita nitafsiri, na mimi Dada ni mtu wa aibu, sijawahi kutamka neno baya mbele ya mtu mzima, basi Grâce wa darasa la tano aliposema, "Choo haina mulango, tunafichana na kitenge," nilijikuta nasema vyoo vyetu vina hewa safi, Rénovat akasema, "Mwalimu Cassien anafundisha mpaka tunasinzia, tunangoja kengele tu," nikasema kwake wanasahau hata kengele, na Mwalimu Vestine akasema, "Mkuu amejifungia ofisini, hatumwoni," nikasema mkuu anawaamini walimu wake, wageni wakaandika yote wakitabasamu, mimi nikapewa soda.

Sasa ripoti imerudi na imesomwa mbele ya shule nzima. Mwalimu Cassien alilia. "Kumbe mnanipenda hivi, wanangu!" akafuta mapumziko, na mdogo wangu Élyse anarudi jioni hajanywa hata uji, nikimuuliza kwa nini hawalalamiki anasema, "Tutalalamika vipi, na imeandikwa tumefurahi?" Mwalimu mkuu ameamuru mlango wa choo cha walimu ung'olewe ili nao wapate ile hewa, kisha amejifungia tena ofisini aendelee kuwaamini, na walimu wanaingia chooni wakiimba ili ijulikane kuna mtu. Ijumaa wanakuja wakuu wa shule za Kaberebere na Rugaaga kujifunza kwetu, mmoja atakuja na fundi seremala, na mkalimani ni mimi tena. Nifanye nini? Nakusihi, hii ibaki siri yetu wawili.

Mwenye aibu, Nakivale

*

Mdogo wangu, pole. Nimecheka mpaka wenzangu wakaja kuuliza kama naumwa. Sasa nikugombeze.

Unasema unaona aibu kutamka maneno mabaya. Maneno hayo yalikuwa yako? Grâce, mtoto mdogo, alijikaza akawaambia watu wazima mambo ya chooni, wewe mkubwa ukamziba mdomo. Usiiite adabu. Mdogo wako anashinda na njaa kwa ajili yake.

Anza na Mwalimu Cassien. Mwambie faraghani, kwa upole, maana ataumia, na asiyasikie kwanza mbele ya wageni. Kisha gonga ofisi ya mkuu mpaka afungue. Ukiogopa, nenda na mama yako. Ijumaa tafsiri kila neno kama lilivyosemwa. Ukiona haya tazama chini, lakini maliza sentensi. Na huyo seremala asirudi kwao kabla hajapigilia milango.

Kuhusu siri, jina lako nimelificha. Ila shule iliyong'oa mlango wa choo kwa hiari yake ni moja tu huko kwenu, gazeti hili hufika Alhamisi, na mwalimu mkuu anayeshinda ofisini hulisoma lote. Omba Mungu awe bado kwenye habari za mpira. Kimbia.